Mwalimu wangu ametoa diwani, na mimi ndiye nimeombwa kuihakiki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Iringa mjini. Jumamosi jioni tunakutana wasomaji wachache Gangilonga, mwenye nakala yake na mwenye ya kuazima, tunasoma riwaya na diwani mpya za Kiswahili na kubishana mpaka giza linaingia. Baada ya mjadala mimi ndiye huandika uhakiki mfupi. Siku hizi hata watu wa Mbeya na Njombe wanausoma.

Sasa yamenifika. Mzee aliyenifundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye amestaafu na anaishi Mafinga, amechapisha diwani kwa pesa ya kiinua mgongo chake. Uzinduzi ni mwishoni mwa mwezi ujao, na ameniomba niwe mchambuzi wa kitabu siku hiyo. Aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, nisiposemewa na wewe nitasemewa na nani?" Nikakubali palepale. Juzi mhariri wa gazeti moja naye ameniomba maneno 800 kuhusu diwani hiyohiyo.

Nimeisoma mara mbili. Sehemu ya kwanza, zaidi ya nusu ya kitabu, ni mashairi ya arudhi, yale yanayofuata kanuni za vina na idadi ya silabi, yaani mizani. Vina vimekaa, mizani imetimia, lakini mengi hayana kitu ndani. Angalia haya:

Elimu ni kitu bora, elimu tuithamini,
Aso nayo hana dira, hupotea duniani,
Shime vijana imara, tusomeni tusomeni.

Yanaendelea hivyo kuhusu elimu, kisha rushwa, kisha mazingira, kisha UKIMWI. Katikati lipo moja tu lililonishika, la malumbano, binti na baba yake wanabishana kuhusu ng'ombe anayetaka kuuzwa ili ada ipatikane:

Baba usiuze Njano, maziwa yatatuvusha.
Mwanangu wacha maneno, ni ada yanikondesha.

Halafu nyuma kabisa ya kitabu ameweka mashairi huru machache kuhusu utoto wake Makete. Kwenye dibaji anayaita "vipande tu, visivyofuata kanuni". Shangazi, hivyo vipande ndivyo vilivyonitoa machozi. Kimoja kinahusu asubuhi ya baridi, barafu imeunguza shamba:

Asubuhi majani ya viazi yalikuwa meusi.
Mama hakulia.
Aliinama, akachimbua kimoja,
akakipangusa kwa pembe ya kitenge,
akakifukia tena.

Mwalimu anajivunia yale ya kwanza. Ndiyo anayotaka yasomwe ukumbini.

Kuna jambo jingine. Mwaka jana niliandika kuhusu riwaya ya kwanza ya dada mmoja wa Mbeya. Niliisifu, lakini nikasema wazi kwamba sura za mwisho zimekimbizwa, mhusika mkuu anasamehe mambo mazito ndani ya ukurasa mmoja. Aliyapokea. Wiki hii amenitumia ujumbe: "Nasubiri kuona utakachoandika kuhusu kitabu cha Mwalimu." Hakuongeza neno.

Mume wangu anasema mtu mzima hakosolewi hadharani, na hapa kwetu mambo hayo yana uzito. Nikimkosoa nitaonekana sina adabu. Nikimsifu tu nitakuwa nimewadanganya wanaoniamini. Na nikianza kuandika, kalamu inanipeleka kwenye dhamira, ujumbe, muundo, mtindo, kama nasahihisha mtihani wa kidato cha nne. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na jibu fupi ili upate usingizi. Uzinduzi nenda. Gazeti liandikie. Na kabla ya vyote viwili, panda basi uende Mafinga ukakae na Mwalimu.

Gazeti kwanza, maana hapo najua wengine watanipinga. Watasema mhakiki asiandike kuhusu mtu wake wa karibu, amwachie mwingine. Ni kanuni nzuri mahali penye wahakiki wengi. Iringa, Njombe, Mbeya, hata Songea, ukimtafuta mtu anayesoma diwani mpya mpaka ukurasa wa mwisho, na aliye tayari kuandika juu yake, utakuta mwandishi alikuwa mwalimu wake, au jirani yake, au shemeji yake. Sote tukijiweka kando kwa sababu tunajuana, vitabu vya Nyanda za Juu Kusini havitasemwa na mtu. Kwa hiyo andika, na sentensi ya kwanza kabisa iseme: mwandishi wa diwani hii alinifundisha Kiswahili sekondari. Msomaji akishalijua hilo atakupima mwenyewe.

Nasisitiza gazeti kwa sababu tuna njaa ya uhakiki. Tuzo tunazo. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na tangu 2023 tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Nazishukuru zote mbili, zimewatoa waandishi ambao tusingewajua. Lakini tuzo inakuambia nani ameshinda, basi. Haikuambii ukurasa wa arobaini unasomekaje, wala kama mashairi yanafaa kusomwa kwa sauti au kimya, wala kwa nini riwaya iliyoanza kwa kishindo inakuchosha katikati. Mtu mwenye shilingi 15,000 sokoni Mwanjelwa, Mbeya, anayejiuliza anunue diwani au aziongezee kwenye mbolea, anastahili mtu wa kumweleza hayo. Huyo ndiye unayemwandikia. Mwalimu anakuja wa pili.

Sasa huyo dada wa Mbeya. Barua yako ilimtaja kama jambo la pembeni, mimi nimeona hapo ndipo penye uzito. Ujumbe wake hauna chuki. Anataka kujua kama yale uliyomwambia yalikuwa kipimo cha kazi au kipimo cha umri wake. Waandishi wachanga, wa kike hasa, wamezoea kuona kitabu cha mzee kinapokelewa kwa vigelegele na chao kinapekuliwa mstari kwa mstari. Ulimwambia msamaha mzito haumaliziki ndani ya ukurasa mmoja, na ulisema kweli. Riwaya inampa mwandishi nafasi yote anayoitaka, hivyo pale anapokimbia msomaji ana haki ya kuuliza anakimbia nini. Basi na Mwalimu mwulize swali la uzito uleule: shairi lina mishororo michache tu, kwa nini mmoja wake umejazwa maneno ya kuziba pengo? Usipomwuliza, huyo dada hatakuamini tena, na ana haki. Na kitabu chake cha pili atakiandika bila kumtegemea msomaji yeyote wa kweli, jambo linaloniuma zaidi.

Tuje kwenye mashairi yenyewe. Unasema mengi ya arudhi hayana kitu ndani. Naamini, lakini ukiandika hivyo gazetini ni tusi, kwa sababu hujaonyesha. Onyesha. Ile mishororo ya elimu uliyonitumia inajieleza yenyewe ukiitazama polepole. "Tusomeni tusomeni" ni mizani minane iliyopatikana kwa kusema kitu kilekile mara mbili. "Vijana imara" ni imara kwa sababu kina kinadai ra, maana hakuna mahali shairi linapotuonyesha uimara wao. Ondoa "imara", ondoa "tusomeni" moja, uone kama kuna maana iliyopotea. Haipotei. Andika hivyo hivyo, kwa utulivu, ukiwa umenukuu mshororo mzima ili msomaji ajionee. Mifano miwili inatosha. Ukiweka mitano unakuwa umeanza kumsulubu mzee.

Kisha uwe mwangalifu sana na jambo moja. Watu wa pande zote watataka kuutumia uhakiki wako kwenye ugomvi wa zamani. Mwalimu na wenzake walilelewa na kanuni ambazo mshairi Amri Abedi aliziweka kitabuni mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, na kwao vina na mizani ndivyo vinavyolifanya shairi kuwa shairi. Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, ilipotoka 1974, wapo malenga waliokataa katakata kuyaita yale mashairi. Leo shuleni mnafundisha ya aina zote mbili na mwanafunzi hashangai, lakini kidonda bado kipo kwa wazee wengi. Ndiyo maana mtu anaandika kitu kizuri kama kile cha viazi halafu anakiita kipande. Ukiandika kwamba huru ni mazuri na arudhi ni mabaya, utakuwa umempa Mwalimu sababu ya kutokusikiliza, na utakuwa umekosea pia, kwa sababu kitabu chenyewe kinakukanusha.

Nasema kinakukanusha kwa sababu ya shairi la Njano. Ulilipita haraka kwenye barua, na kwangu hilo ndilo shairi la kujenga uhakiki wako juu yake. Lina vina, lina mizani kumi na sita, halijavunja sheria hata moja, na liko hai. Kwa nini? Watu wawili wanataka vitu viwili tofauti na wote wana haki. Binti anamtetea ng'ombe anayewalisha. Baba anataka kumuuza kwa ajili ya binti huyohuyo. Anapomwambia "wacha maneno" tunamsikia mzazi aliyeishiwa hoja, kwa hiyo mizani imejazwa na mtu, haikujazwa na kiraka. Ada ndiyo inayomkondesha, ng'ombe ndiye atakayeuzwa, na hakuna anayetuambia elimu ni kitu bora. Weka mashairi haya mawili, la elimu na la Njano, karibu karibu katika uhakiki wako. Yanazungumzia jambo lilelile, kusoma. La kwanza linahubiri, la pili lina nyumba ndani yake. Msomaji akiyaona pamoja huna haja ya kumwambia lipi limefaulu, na hakuna atakayesema umeishambulia arudhi.

Shairi la viazi nimelisoma mara nyingi tangu barua yako ifike. Naijua baridi ya Juni na Julai huko juu, na naijua familia inayotegemea viazi mviringo ikiamka na kukuta majani meusi. Lakini hata asiyewahi kufika Makete atalielewa, kwa sababu mwandishi amejizuia. Hajatuambia mama alihuzunika. Ametuambia hakulia, kisha akatuachia mikono yake tu: anachimbua, anapangusa, anafukia. Mtu ameshajua shamba limekwenda, lakini kiazi kimoja anakipangusa kwa nguo yake mwenyewe na kukirudisha ardhini kana kwamba msimu bado upo. Mimi ningependa mhakiki akae hapo aya nzima. Aseme jinsi mishororo inavyofupika na kurefuka. Aseme kwamba mshororo wa pili una maneno mawili tu na ndiyo yanayobeba yote yanayofuata. Aseme mtoto anayesimulia yuko wapi, maana hatajwi, ila ni dhahiri amesimama pembeni anaona. Sifa ya namna hiyo inaonyesha kwamba mtu amesoma. "Diwani murua, kila Mtanzania aipate" inaandikwa hata na ambaye hajafungua jalada.

Umelalamika kwamba kalamu inakupeleka kwenye mtihani. Sioni ajabu, ndiyo kazi yako ya kila siku: hoja tatu kwa kila kitabu, dhamira upande huu, fani upande ule. Mpango huo una kazi yake darasani, unamsaidia mtoto wa miaka kumi na saba asipotee. Ila unakigawanya kitabu kabla hujakutana nacho. Ukianza na orodha ya dhamira za Mwalimu, zitatokea elimu, rushwa, mazingira, UKIMWI, na kitabu kitaonekana sawa na diwani yoyote nyingine. Fanya hivi: funga kitabu, kiweke mbali, kisha andika mshororo ambao bado unaukumbuka bila kuangalia. Anza nao. Jiulize kwa nini umebaki. Swali hilo litakupeleka kwenye picha, kwenye sauti, kwenye nani anasema, na istilahi zitakuja zenyewe pale zinapohitajika. Na uyasome kwa sauti, yote, hata yale uliyoyachoka. Shairi la arudhi lililojazwa viraka utalijua mdomoni kabla ya akilini, ulimi unateleza tu bila kukwama popote. Maneno 800 si mengi, kwa hiyo usitumie hata kumi kueleza shairi huru ni nini.

Uzinduzi ni shughuli nyingine kabisa, usiichanganye na gazeti. Siku ile mzee amevaa suti, watoto wake wamesafiri, pesa ya kiinua mgongo imekuwa karatasi na wino mezani. Watu wamekuja kushukuru. Hapo huendi kutoa kasoro, na hakuna uongo katika hilo ilimradi kila utakalosema uwe unaliamini. Lisome shairi la Njano na kijana mwingine wa kikundi chenu, wewe binti, yeye baba. Ukumbi utacheka, halafu utanyamaza. Kisha soma la viazi, taratibu, na useme kwa nini umelichagua. Ukiulizwa kuhusu mengine, sema gazetini utaandika kwa kirefu. Neno kama "kitabu bora kuliko vyote" usilitamke, hata mshereheshaji akikuchokoza.

Na sasa Mafinga, ambako mume wako ana hoja nisiyotaka kuipuuza. Ni kweli kwetu mtu mzima hakosolewi hadharani akiwa hajui. Neno zito hapo ni "akiwa hajui". Adabu inakutaka umfuate kwake kwanza. Nenda peke yako, siku isiyo na haraka, na nakala yako yenye alama za penseli, aione imechakaa. Mwache aongee yeye mwanzo, atakuambia mashairi yapi anayapenda na kwa nini, na huenda ukajifunza jambo ambalo usomaji wako haukuliona. Kisha mwombe akusomee lile la viazi kwa sauti yake. Usimsifu bado, mwulize tu kwa nini ameliweka nyuma. Wazee wengi hawajawahi kuulizwa swali kama hilo kuhusu kazi yao wenyewe. Baada ya hapo mwambie, kwa maneno yako na kwa heshima yote, kwamba gazetini utaandika kuwa baadhi ya mashairi ya mwanzo yametimiza mizani kwa kurudia maneno, na umwonyeshe mshororo mmoja. Aliyekufundisha kuhesabu mizani ataliona kabla hujamaliza sentensi.

Rasimu usimpe. Ukimpa utakuwa umemwomba ruhusa, naye atalazimika kukupa au kukunyima, na kote kuwili mtaumizana. Mweleze utakachosema, usimpe karatasi.

Anaweza kukasirika. Akikasirika msikilize, kunywa chai yake, uage vizuri, na uandike vilevile. Akitaka kujibu gazetini, mwambie mhariri ampe nafasi kamili, hata kama jibu litakuja kwa beti kumi za tarbia, mishororo minne kila ubeti. Malenga wamejibizana kurasani tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka 1923, na wasomaji walikuwa wakisubiri toleo lijalo. Likichapwa jibu lake, mpeleke hiyo nakala dada wa Mbeya. Wewe usijibu tena.

Shangazi